Tumempumzisha Jumamosi

Nyumbani, 2 Februari

Mdogo wangu Cheche,

Sikuulizi hali. Ukiwa na homa huwa unaandika kurasa nne, ukiwa mzima nusu ukurasa, na hii ya mwisho ilikuwa nusu ukurasa, kwa hiyo najua hujambo.

Uliniomba nikuandikie matembezi ya baba jinsi yalivyo, bila kutia chumvi. Basi jana Jumapili tulitoka saa tisa. Alivaa lile koti lake la kijani la kazini, nembo ya bustani za jiji imeanza kubanduka kifuani. Miaka sita tangu astaafu, na ukimwambia alivue anakuuliza akivaa lingine watu watamjuaje. Tulianzia darajani, tukafuata njia ya mto yenye bustani zake tano. Mimi nimemshika mkono wa kushoto, wa kulia anataka uwe huru. Kila baada ya hatua kumi anasimama kukagua mti. Usidhani anachagua mti. Anasimama pumzi inapoisha, halafu anatafuta mti wa kuulaumu. Huu wameupogoa vibaya, ule wameupanda juu ya bomba, na maua ya bustani ya kwanza wameyapanga rangi mbili tu kama sare za shule.

Watu walikuwa wengi. Maharusi wanapigwa picha penye ngazi, watoto na baiskeli, wachumba wamebanana kwenye kila benchi mpaka baba akakosa pa kukaa. Alisimama mbele ya wawili akawaambia benchi hilo kalipaka rangi yeye mwenyewe kabla hawajazaliwa. Wakampisha huku wanacheka. Tulikaa hapo nusu saa tukiangalia mashua za matembezi zinavyozunguka kisiwa, kisha tukajikongoja hadi bustani ya tatu, tukageuza. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa anafika ya tano, mwisho wa njia, na kurudi kwa miguu yake.

Miguu imevimba kidogo. Daktari wa zahanati anasema ni moyo, umechoka, na tusitegemee utachangamka. Mwaka juzi nilikuandikia kwa herufi kubwa nikakuita, ukasafiri siku mbili, ukamkuta juu ya ngazi anapogoa ua la jirani. Wakati unarudi walishampa mwenzako unyapara wako. Najua. Nimeapa sitakuita tena kwa kelele. Nakuambia tu kwamba ni bustani ya tatu.

Uliuliza kama amekuulizia. Hakusema kitu.

Dada yako


Kambini, 14 Februari

Dada,

Barua yako imekuja Alhamisi na lori la chakula, inanuka vitunguu lakini inasomeka. Huku bado hakuna mtandao. Ukitaka kupiga simu unapanda mlima kwa saa mbili, na kule juu unakuta foleni ya wanaume wazima wanaowalilia wake zao. Simu ya ofisi ni ya kazi na misiba tu. Tumeanza milango ya bwawa. Nalala chali kutwa nachomelea chuma kilicho juu ya kichwa changu, na cheche zinaingia kwenye kola. Mlionipa jina hamkukosea.

Lakini usinichome polepole. "Nakuambia tu kwamba ni bustani ya tatu." Nakujua tangu tunagombania ufagio. Ukinyamaza ndipo unapopiga kelele.

Tuwekane sawa mara moja, nisirudie tena. Mimi sikugombana na baba. Nilikuwa fundi wa kampuni, nikapewa kazi ya uzio wa vyuma ukingoni mwa mto, kutoka darajani hadi mwisho wa njia. Waliokata miti yake kumi na minne ili uzio upite ni wengine, walikuja na mashine zao kabla sijawasha mtambo. Baba akawapita wote wale, msimamizi, mhandisi, wenye misumeno, akaja hadi nilipopiga magoti. Akasubiri nivue barakoa. Akaniambia mbele ya watu ishirini: "Mikono hiyo usiniletee nyumbani kwangu." Sikuileta. Miaka minne sasa. Ile mara moja nilikuja kwa sababu uliniambia anakufa, naye aliponiona mlangoni alisema nini? Aliuliza nani ameita fundi.

Wewe ulicheka, nakumbuka. Ulicheka ili kuvunja ukimya, lakini ulicheka.

Siwezi kuingia tena mlango ule kama mdokozi. Nataka aniulizie mwenyewe. Sitaki radhi, hajawahi kumtaka radhi hata marehemu mama. Aulize tu, Cheche yuko wapi. Mara moja inatosha. Siku utakayoniandikia kwamba ameniulizia, nitapanda lori lile lile lililoleta barua, hata mlango wa bwawa ubaki nusu na waniachishe kazi. Hilo ndilo neno langu, na halitabadilika.

Mdogo wako,
Cheche


Nyumbani, 2 Machi

Cheche,

Jana ilikuwa bustani ya pili, benchi la kwanza. Basi.

Tulitumia saa nzima kufika hapo. Mto ulikuwa umejaa na una rangi ya chai ya maziwa, na kwenye nyasi familia moja ilikuwa imetandika shuka wanacheza karata. Walimkaribisha. Akakaa nao, akawafundisha kutambua mti mgonjwa kwa kunusa gome. Bibi mmoja wao akanusa mti kweli, pua yote, tukacheka sana. Halafu kurudi kukawa kazi. Pale kwenye mteremko wa darajani alining'inia mkononi uzito wote, mpaka bega likalia. Nyumbani nilimkanda miguu, na ukibonyeza kidole nyama inabaki na shimo.

Nami nikueleze yangu, maana huulizi. Dobi wameongeza mikataba ya hoteli mbili. Napiga pasi mashuka kuanzia saa moja asubuhi, siku sita, mvuke unanichemsha uso. Siku ya saba ndiyo hiyo ya mto. Yule dereva wa dobi aliyekuwa ananisubiri amechoka kusubiri. Ameoa Januari. Alikuja kunieleza mwenyewe kwa heshima zote, akasema hakuona Jumapili yake ingekuwa ipi. Na kweli, sina nyingine.

Nakuomba kitu. Njoo bila kuulizwa. Wewe ni mwanawe, hungoji kadi ya mwaliko. Omba hata siku nne, mshike mkono wa kulia mimi nishike wa kushoto, tumfikishe bustani ya tano mara moja. Sitii chumvi. Nimeweka kalamu chini mara mbili kabla ya kuandika hivi, nikitafuta maneno mepesi, na haya ndiyo mepesi niliyopata.

Kuhusu lile lako: hapana. Ameongea kuhusu miti.

Dada yako


Kambini, 16 Machi

Dada,

Pole kwa habari za dereva. Alikuwa na masikio makubwa, watoto wangeteseka na kofia.

Haya, nisifanye mzaha. Nimesikitika, na ni kweli sikuuliza. Nilidhani mambo yenu yanaenda.

Lakini ombi lako ni lile lile la mwaka juzi, umelivalisha nguo za Jumapili tu. Bila kuulizwa siji. Anaongea na watu wa karata, anaongea na bibi anayenusa miti, anaongea na kila benchi, na juu ya mtoto wake aliyemzaa hana hata neno moja. Unadhani hiyo haiumi? Mimi barua zako nazisoma kwanza chini, mstari wa mwisho, ndipo narudi juu. Kila mara naukuta huo huo.

Kuhusu kutembea, mnamchosha bure. Mtu ana moyo mgonjwa, unamvuta hadi bustani ya pili ili iweje? Mpumzisheni. Tafuta mahali pazuri karibu na mto, penye kivuli, mpumzisheni hapo apate hewa, mwache mambo ya kuhesabu bustani. Ameshatembea vya kutosha maisha yake yote.

Likizo yangu ni Mei, kama milango itakuwa imeshika. Nitafikiria.

Cheche


Nyumbani, 6 Aprili

Cheche,

Ulisema tumpumzishe. Tumempumzisha Jumamosi.

Mahali ni pazuri kama ulivyotaka, juu kidogo ya mto, kuna miti na kivuli mchana kutwa. Jamaa na majirani walikuwepo, mjomba alisafiri tangu Ijumaa, wakakaa naye mpaka jioni. Hana tena shida ya pumzi wala ya miguu. Dobi wamenipa siku tatu.

Wewe ulikuwa na kazi. Tumeelewa wote, hakuna aliyekulaumu mbele yangu.

Dada yako


Kambini, 17 Aprili

Dada yangu,

Hii barua yako imenifurahisha, sijui nikuambie vipi. Niliisoma kuanzia chini kama kawaida yangu, nikaona hakuna ule mstari wa "hakusema kitu", nikasema leo kuna mabadiliko. Kumbe umenisikia! Angalau mara moja katika maisha umefanya nililokuambia bila kubishana.

Na umeona matokeo. Pumzi imerudi, miguu imepona, yote kwa kumpumzisha tu. Nilikuwa najua ni uchovu. Madaktari wa zahanati kila kitu kwao ni moyo. Na mjomba naye kasafiri kuja kukaa kivulini, yule asiyetoka kwake hata kwa harusi! Ningependa kuwaona wote mmekaa hapo. Hata dobi wamekuonea huruma wakakupa siku tatu. Umezitumia vipi? Nawe ulihitaji kupumzika, ulikuwa unaandika kwa hasira mno.

Sasa sikia. Nimekaa na barua yako siku mbili, nikiwaza nyote mko pale kandokando ya mto na mimi sipo, na hakuna aliyenilaumu. Nikajiona mjinga. Miaka minne nangoja mzee wa miaka sabini na tatu atamke jina langu, kama vile asipolitamka si langu. Nimeomba likizo na wamenipa. Nitakuwa huko Jumapili ya tarehe 10 Mei. Nakuja bila kuulizwa, umeshinda. Usimwambie. Mkalishe pale pale mlipompumzisha, nami nitakuja kwa nyuma nikae naye. Akiuliza nani ameita fundi, nitasema nimejiita mwenyewe.

Nimekosa usingizi wa mchana kwa furaha, na huku mtu akikosa usingizi wa mchana anahesabiwa mgonjwa.

Mdogo wako anayekupenda ingawa hasemi,
Cheche


Nyumbani, 27 Aprili

Cheche,

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza niliitupa sakafuni. Nikasema huyu ananidhihaki, amepata nguvu za kufanya mzaha juu ya baba. Nikaenda nayo kazini, nikampa mwenzangu wa meza ya pili aisome. Alisoma, akazima pasi yake, akaniambia: "Huyu hajui."

Alhamisi ile ya msiba nilipiga simu ofisini kwenu, siku ile ile. Karani aliandika, nikamsikia anaandika, akanisomea hadi herufi za jina lako. Nilingoja Ijumaa kutwa. Niliwazuia watu Jumamosi mpaka saa kumi. Niliamini umeambiwa ukaamua kubaki na milango yako, ndiyo maana nikakurudishia neno lako mwenyewe. Nilitaka likukate. Sikutaka likufurahishe.

Kwa hiyo naandika sasa kama nilivyopaswa kuandika. Baba amekufa. Alikufa Alhamisi tarehe 2 Aprili, asubuhi, kwenye kiti cha barazani, mimi nikiwa kazini napiga pasi mashuka ya watu. Jirani ndiye aliyemkuta. Tumemzika Jumamosi, makaburi ya juu ya mto.

Njoo nyumbani. Chumba chako nimekifagia.

Dada yako


Kituo cha mabasi, 10 Mei, saa kumi na moja jioni

Dada,

Nipo hapa mjini. Usitandike kitanda.

Barua yako niliipata Alhamisi iliyopita, na siku hiyo hiyo nikaukuta ujumbe wako wa simu umebanwa chini ya ratiba za zamu ofisini, wiki tano. Sikumpiga karani. Nilitaka, lakini nikaona mikono yangu imeshalaumiwa vya kutosha.

Nilifika leo saa nne asubuhi. Nia yangu ilikuwa nije kwako moja kwa moja, halafu nikaona nitafika nikiwa bado sijalia, nami siwezi kulia mbele ya mtu. Nikasema nipite kwanza njia ya mto. Nitembee mwendo wake, kuanzia darajani hadi bustani ya tano, nimlilie huko huko, ndipo nije tukae.

Nimetembea hivyo kweli. Hatua kumi, nasimama. Jumapili nzuri, jua la upole, mto umepungua, nadhani ni bwawa letu limeanza kuuzuia, na mawe yametokea ambayo sikujua yapo. Watu wamelala kwenye nyasi wamefunika nyuso kwa magazeti. Kuna mzee anamfundisha mkewe baiskeli, mke anamtukana. Nilikuwa napitisha kidole kwenye viungo vya vyuma nilivyoweka, natafuta kutu, mazoea ya kazi. Pale kwenye kibanda cha mashua mama wa tikiti akatoa kichwa dirishani, akaniuliza kama mimi ndiye Cheche.

Nilidhani tunafahamiana. Akasema hapana, ila mzee wa koti la kijani kila Jumapili huwashikisha watu vyuma hivi. Anawaambia, haya tingisha, tingisha kwa nguvu, kaviweka mwanangu, havitingishiki. Na kila Jumapili anamuuliza yeye, anayeona watu wote wanaopita, kama hajamwona kijana mwenye kovu la moto shingoni. Halafu akaniuliza mzee yuko wapi, mbona kapotea. Ikabidi nimwambie mimi. Akafunga dirisha na watu wako kwenye foleni.

Nikaendelea. Sikujua nafanya nini tena, miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Mlinzi wa bustani ya pili, yule wa kofia ya sufi, ananijua hata chakula ninachopenda. Anasema baba alikaa naye Machi yote kwenye benchi la langoni. Alimuuliza kama anaweza kumwandikia barua, maana macho yake hayaoni tena herufi. Mlinzi akasema mwandiko wake ni wa kuku. Baba akamwambia basi isiwe taabu, nyumbani yupo anayeniandikia, kila wiki namwambia amwite mwanangu, amwambie nimemkosea, lakini mtoto hajibu. Akasema: "Ana haki."

Nimeandika maneno hayo na nimeyasoma tena, kuhakikisha sijayakosea.

Barua zako ninazo zote hapa begini. Februari, hakusema kitu. Machi, ameongea kuhusu miti. Nilikuwa nangoja hilo neno moja, Dada. Nilikuambia nangoja nini, nilikuandikia kwa wino, nikakuambia nitapanda lori siku hiyo hiyo. Ulikuwa nalo mkononi. Alikufa akidhani nimemkataa, na mimi nikidhani amenikataa, na katikati yetu ulikaa wewe na kalamu.

Bado kuna jingine. Mpiga picha wa bustani ya tatu amenipa picha aliyoipiga mwishoni mwa Januari. Baba kasimama kwenye vyuma, kaweka kiganja juu yake kana kwamba anampapasa ng'ombe. Anasema mzee aliitaka ya kumtumia mwanawe, hakurudi kuichukua. Nikamuuliza alikuwa na nani. Akasema na yule mama wa kazi. Nikarudi kwa mlinzi, naye akasema hivyo hivyo, alikuwa anakuja na mama wa kumsaidia, mkimya, wa kumshika mkono tu. Nikagonga dirisha la mama wa tikiti, jibu ni lile lile. Watu watatu, Dada, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba baba ana binti.

Kwa hiyo hata kutembea naye hukutembea. Ulimwajiri mtu, jioni ukamuuliza leo mmefika wapi, ukakaa mezani ukanipikia wachumba na maharusi na bibi wa kunusa miti, na bega lililolia. Bega la nani? Kwenye picha mpiga picha amemkata huyo mama, umebaki mkono wake tu umeshika kiwiko cha baba. Umeshika vizuri, kama mtu anayejali.

Nataka jina lake na anakoishi. Yeye nitamwandikia kumshukuru. Wewe sina la kukuandikia tena. Basi linaondoka saa kumi na mbili.

Cheche


Nyumbani, 20 Mei

Cheche,

Ile tarehe 10 nilipika chakula cha watu wawili nikakaa mlangoni hadi giza. Haya, tuache hilo.

Alilokuambia mlinzi ni kweli. Mara ya kwanza ilikuwa Januari. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nimemvua viatu, namkanda miguu. Akasema: "Mwandikie mwenzako aje. Nimemkosea." Nikaitika. Nikanawa mikono, nikakaa mezani, nikashika kalamu. Nikangoja aseme na lingine. Lolote linalonihusu mimi niliyekuwa chini miguuni kwake sasa hivi. Kwamba nimechoka, kwamba mikono yangu ni ya moto, lolote. Akafumba macho. Nikakuandikia habari za miti.

Kila Jumapili aliniuliza, amejibu nini? Nikasema bado. Na kila Jumapili nilijiambia, leo akiniuliza na mimi naendeleaje, jioni nitaandika kila kitu. Hata aliposikia dereva ameoa aliuliza tu kama dereva huyo hupita njia ya bondeni ya kuja kambini kwenu, angekupelekea salamu. Nilikuwa nampa mtihani mzee mgonjwa, naye hakujua yuko kwenye mtihani. Nilipokuomba uje bila kuulizwa, nilikuwa najaribu kupata vyote viwili, wewe uje na mimi nisiandike lile neno. Ni ubaya, na nilijua ni ubaya wakati naufanya. Sikuombi unisamehe. Nikikuona na msamaha mkononi sijui kama ningeupokea.

Lakini sikuajiri mtu.

Ile siku ya picha mama wa tikiti alimuuliza, mzee, na huyu ni nani? Nilikuwa nimesimama pale pale, nimemshika. Baba alikuwa anaangalia vyuma vyako. Akasema: "Huyu ananisaidia." Nadhani hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajibu haraka ili aendelee na habari zako. Kuanzia hapo wote wakawa wananisalimia mama wa kazi, hujambo mama wa kazi, leo mzee anaendeleaje. Nami nikaitikia. Ningewaambia nini, na mwenyewe yupo ameshanitambulisha? Mpiga picha aliniomba nisogee kidogo, nikasogea, lakini baba hawezi kusimama bila kushikwa, kwa hiyo mkono niliuacha.

Jina unalolitaka unalo, na anakoishi unakujua. Itazame tena hiyo picha. Mkono ule ulikuvusha barabara ya shule miaka sita, wewe ukilalamika kwamba unakubana. Umeuona kwa karibu, umeusifu, na hukuujua.

Dada yako